Waulizeni Bibi Zenu

Mwalimu mkuu wa shule moja huko Kwaluguru alikuwa amejiandaa. Alikuwa ametafuta salamu ya Kisomali kwenye simu asubuhi ile, akaikariri, na tulipofika akasimama mbele ya wanafunzi, akamwinamia kidogo bibi niliyekuja naye, akaitamka kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Wanafunzi wakapiga makofi. Bibi akamtazama, akanitazama na mimi, halafu akaitikia kwa Kizigua.

Kicheko kilicholipuka pale hakikuwa cha dharau. Kizigua cha bibi ni cha zamani, cha watu waliokufa kabla wazazi wa watoto wale hawajazaliwa, na kukisikia kikitoka kinywani mwa mtu aliyetambulishwa kuwa mgeni kutoka Somalia kuliwavuruga kabisa. Msichana mmoja wa mbele alimwambia mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Huyu anaongea kama marehemu bibi yangu." Mwalimu mkuu akaiweka simu mfukoni akaenda kukaa. Mimi nikasema moyoni, haya, tumeanza tena.

Nimeifanya kazi hii ya kuzunguka mashuleni kwa miaka ya kutosha kuichoka. Nilikuwa mwalimu wa historia, kisha mradi mmoja mdogo ukanichukua nikafundishe katika shule za Handeni na Korogwe kile ambacho kwenye makaratasi yao kinaitwa historia ya rangi na asili za watu, pamoja na kuheshimu tofauti za tamaduni. Maneno makubwa hayo. Kwa vitendo ni mimi, na ramani ya Afrika niliyoichora kwenye kipande cha turubai, na kipindi kimoja ambacho mwalimu wa zamu lazima atakimega kwa sababu kuna mtihani wa majaribio. Gari la mradi likiwepo napanda gari, lisipokuwepo napanda bodaboda, na siku hizi mara nyingi halipo. Nikifika nyumbani koo linawasha, magoti yanagoma, na mtu akinisalimia naitikia kwa kichwa.

Ninawaambia watoto kwamba zamani za mkoloni kulikuwa na shule ya Mzungu, shule ya Mhindi na shule ya Mwafrika, na hospitali vivyo hivyo. Ninawaambia habari za mkonge, jinsi watu walivyosombwa kutoka Tabora, Songea na Kigoma waje kukata mkonge Korogwe, wakapewa namba na kuitwa manamba. Hapo huwa nasema kwamba babu yangu alikuwa mmoja wao. Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa kambini, Tabora sijaikanyaga, na Kinyamwezi ninachokijua ni cha kutukania tu. Watoto hucheka. Nimekisema kichekesho hicho mara nyingi mpaka mdomo unakisema wenyewe, huku mimi nawaza kama nilizima jiko.

Si kwamba hakuna raha. Katika shule moja ya Korogwe mjini nilimwuliza msichana wa Kihindi, ambaye kwao wana duka la vifaa vya ujenzi, asili yao ni wapi. "Sokoni," akasema. Nikamwambia, hapana mwanangu, namaanisha kabla ya hapo. Akafikiri kwa dhati kabisa. "Kabla ya hapo tulikuwa upande wa stendi." Darasa zima liliona jibu limekamilika, na mimi sikuwa na nguvu ya kulifungua upya.

Bibi aliingia katika kazi hii kwa hiari yake. Anaishi kwenye makazi waliyopewa watu waliokimbia vita ya Somalia, huku huku Handeni. Lakini watu hao, yeye na wenzake, ni Wazigua. Wakati wa njaa kubwa ya enzi za mababu wa mababu, watu wa huku walipelekwa pwani, wengine kwa kudanganywa kwamba kuna kazi na chakula, wakatiwa kwenye majahazi, wakajikuta watumwa Somalia. Walipotoroka wakajikusanya kando ya Mto Juba, wakafyeka msitu, wakalima, wakazaana, na Kizigua chao hawakukiacha. Vita ilipokuja ikawarudisha. Sasa wana uraia, wana mashamba, wana vitambulisho. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia karibuni nyumbani.

Alikuja siku moja nilipokuwa nafundisha kwenye shule iliyo karibu na kwake. Akakaa nyuma darasani mpaka mwisho, amejifunga mtandio wake mweusi, mikono mapajani. Nilipomaliza akanifuata.

"Mwalimu, hizi shule unakwenda ngapi?"

"Nyingi, bibi. Nyingi mno."

"Nichukue."

Nikamwuliza anataka kuwafundisha nini watoto. Akasema hataki kuwafundisha kitu, anataka kuwauliza. Ndipo akanieleza. Alipokuwa mdogo, mama yake alimkaririsha jina la ukoo wao, jina la kijito walichochota maji na jina la mwamba uliokuwa juu ya kijito hicho, kama alivyokaririshwa yeye na mama yake. Huko Somalia mtoto hakuruhusiwa kulala mpaka aseme majina hayo matatu. Tangu afike Handeni alikuwa ameuliza kila alipopata nafasi, sokoni, zahanati, misibani, na watu humjibu kwa upole kwamba hawajui. Sasa alikuwa amegundua kwamba kila mtoto wa shule jioni anarudi kwenye nyumba yenye mtu mzima.

"Mimi ni mzee," akaniambia. "Nataka mtu mmoja tu wa damu yangu aniambie, ndiyo, wewe ni wetu. Mmoja tu. Halafu nife zangu."

Niseme nini? Nilimchukua. Bosi wangu, aliye mjini Tanga na ambaye hatuonani ila kwa simu, alifurahi sana. Alisema bibi ni "ushuhuda hai".

Basi tukazunguka. Mimi nafundisha sehemu yangu, halafu yeye anasimama. Anawasimulia kidogo kule walikokuwa, namna walivyoitwa kwa jina lenye maana ya nywele ngumu, namna mtu alivyokataliwa kuoa kwa sababu ya pua yake, na pia jirani mmoja Msomali aliyewaficha yeye na watoto wake nyuma ya zizi la ngamia siku mbaya kuliko zote. Hilo la jirani haliachi kamwe. Kisha huchomoa kishungi kimoja cha nywele pembeni ya mtandio, nywele nyeupe zilizojikunja vizuri, anawauliza, "Hizi ni za Msomali?" Wanafunzi hupiga kelele, "Siyooo!" Naye hucheka na kusema, "Kule nilikuwa mtu wa nywele ngumu, huku nimekuwa Msomali. Kila nikiuliza mimi ni nani, naelekezwa kwa wengine."

Mwisho kabisa anataja ukoo, kijito na mwamba, polepole, mara mbili. Majina hayo sitayaandika hapa. Halafu anasema, "Mkifika nyumbani, waulizeni bibi zenu."

Na maswali ya watoto, jamani! Bibi, umewahi kuona maharamia? Bibi, ngamia anaumaje? Bibi, kwa nini hukwenda Amerika? Anayajibu yote kwa uvumilivu ambao mimi sina. Mimi nakunja turubai langu.

Tukisubiri usafiri barabarani tulikuwa tunataniana, maana Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu zamani. Nilimwambia nyie Wazigua kwa kupenda ugali ndiyo maana mlifuata chakula mpaka Somalia. Watu wengine wangesema ni ukatili huo. Yeye alicheka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniambia afadhali wao walipanda jahazi, babu zangu walitembea na mizigo kichwani kutoka Tabora wakidhani wanalipwa. Siku hizo nilirudi nyumbani nimechoka lakini si vibaya.

Ila majibu hayakuja. Tulirudi katika shule tulizopita, tukauliza, na walimu wakatikisa kichwa. Watoto waliokuwa wamechangamka safari ya kwanza sasa walitazama chini. Kwenye shule ya Makuyuni, msichana mmoja aliinuka kabisa kama anayetaka kusema kitu, akakaa. Nilidhani ni haya ya kawaida. Kumbe hata sikujiuliza kwa nini watoto wa shule nyingi hivyo, zilizo mbali hivyo, wote washikwe na haya kwa swali lile lile. Mtu aliyechoka haulizi. Bibi naye alianza kupungua. Sauti yake kwenye yale majina matatu ilishuka, na siku moja aliyataja mara moja tu badala ya mbili.

Kisha ikaja simu. Namba nisiyoijua, sauti ya mwanaume, na kelele za malori nyuma yake. Akajitambulisha kuwa ana duka la pembejeo pale Kabuku, barabarani, na kwamba binti yake anasoma sekondari niliyokwenda.

"Mwalimu, huyo mama yako ana shida gani hasa?"

Nikamwuliza mama yupi.

"Huyo Msomali. Mwambie aache kutaja ukoo wetu mashuleni."

Ukoo wetu! Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia, kaka yangu, kwa hiyo unaufahamu huo ukoo? Hakunijibu hilo. Alikuwa amewaka. Akasema mashamba yao yamegawanywa tangu zamani, kila mtu ana chake, na huku Handeni mimi mwenyewe najua watu wanavyokatana mapanga kwa ajili ya ardhi. Sasa anatokea mtu wa Somalia, anakijua kijito chao, anaujua mwamba wao, anavitaja mbele ya watoto wao shule baada ya shule. Wao wamwelewe vipi? Kila mtu anajua anatafuta mashamba. Ndiyo maana watu wameambizana wanyamaze.

"Wameambizana nani?"

"Watu wote, mwalimu. Kwani wewe ulidhani hatujui?"

Akakata simu. Ghadhabu niliyokuwa nayo siwezi kuieleza vizuri, maana nusu ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mtu yeyote aliyezaliwa huku angejua. Ukitaja kijito na mwamba mbele ya Mzigua mkulima, hujasimulia historia, umetaja mipaka ya shamba. Tulikuwa tumepita kijiji hadi kijiji na turubai letu la heshima na tofauti za tamaduni, tukitangaza mipaka ya shamba la watu kupitia watoto wao.

Kesho yake akapiga bosi. Malalamiko yalikuwa yamefika wilayani, na kutoka wilayani kwake. Alisema mradi hautaki migogoro ya ardhi. Bibi anaweza kuendelea kuja, lakini ajikite kwenye utamaduni.

"Utamaduni upi?" nikamwuliza.

"Chakula, mavazi. Aje na nguo za Kisomali, watoto wanapenda mavazi. Mambo ya ukoo ayaache. Akiyataja tena itabidi tumpumzishe."

Nikasema sawa. Siku hizo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Nikaenda kumweleza bibi nyumbani kwake. Nilimkuta uani anapeta mahindi kwa ungo, akaniashiria kigoda kwa kidevu bila kuacha kupeta. Nikamwambia yote bila kupunguza, kwamba watu wanadhani anatafuta mashamba, kwamba wamekubaliana kunyamaza, kwamba mwenye duka wa Kabuku amekasirika, na kwamba bosi anataka avae Kisomali na asitaje ukoo tena.

"Nguo za Kisomali ninazo," akasema. "Nilikimbia nazo. Ni nzuri sana, nitazivaa kwenye arusi ya mtu." Akapeta kidogo. "Huyo wa Kabuku, amekasirika kweli?"

"Sana, bibi. Alikuwa ananifokea kama mtoto."

Akaweka ungo chini. Uso wake wote ukafunguka, nami nikaogopa, maana sikuwa nimemletea habari za kufurahisha.

"Basi ananijua," akasema. "Mtu hamkasirikii mgeni hivyo. Nipeleke."

Nilimwambia ukweli. Bibi, mimi nimechoka. Nimechoka na barabara, nimechoka na wakuu wa shule, nimechoka na bosi, na huyo mtu anaweza kututoa mbio dukani kwake mbele ya watu. Nilisema hata mambo ya magoti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mnyamwezi mzima umechoka?" akasema. "Wenzako walibeba pembe za ndovu. Mimi utanibeba kwa pikipiki tu."

Sasa hapo mtu afanyeje.

Kabuku tulifika mchana, jua likiwa kali, malori yakipita na kutikisa mabati. Duka lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, magunia ya mbegu, pampu za dawa, na wafugaji wawili Wamasai walikuwa wananunua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye kofia iliyofumwa vizuri na miwani iliyoshuka puani. Nilipopiga hodi alinitambua kwa sauti, na akajua bibi ni nani bila kuambiwa. Nilimwona akitafuta la kusema. Lakini huku kwetu mtu hawezi kumkalia kimya mama mzee aliyesimama mlangoni pake, hata kama angependa.

"Shikamoo," akasema, akiangalia magunia.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitikia, kisha akaendelea kwa Kizigua, akiulizia nyumba, watoto, wagonjwa, mvua, moja baada ya jingine kama inavyotakiwa. Mimi nimekulia kati ya Wazigua, nakisikia vizuri. Yeye alimjibu kwa Kiswahili, na nilijua ni makusudi. Wamasai wakalipa wakaondoka. Akatuonyesha benchi la nje kwenye kivuli, mwenyewe akabaki amesimama na mikono kifuani.

"Nikwambie kabisa," bibi akaanza, "shamba ninalo. Nilipewa na serikali. Lina mawe, lakini ninalo. Lako silitaki."

"Kila mtu husema hivyo mwanzoni, mama."

"Basi andika, nitatia dole gumba."

Jamaa akakunja uso. Akamwambia ataje kijito. Bibi akakitaja. Akamwambia ataje mwamba, akautaja, akaongeza kwamba mwamba huo upande wa machweo una ufa ambao mtoto anaweza kuingia akajificha. Hilo la ufa sikuwa nimewahi kulisikia kwenye shule yoyote. Mwenye duka akavua miwani.

"Ufa upo," akasema. "Kijito kimekauka."

"Kimekauka?"

"Mimi nikiwa mtoto tayari kilikuwa mchanga mtupu."

 Nimemwona bibi akisimulia vita bila kutikisika, lakini hapo alishika ukingo wa benchi, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa amelala na kuamka na maji yale maisha yake yote. Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya, nikamshika mkono tu. Lori likapita, tukasubiri kelele ziishe.

Nafikiri ni kule kumwona analilia kijito badala ya kuuliza kimekauka upande gani, kulikomvunja nguvu yule mtu. Alivuta kreti tupu ya soda akakaa mbele yetu. Alianza kwa Kiswahili, na baada ya sentensi chache akaingia kwenye Kizigua bila kujijua, maana ndiyo lugha aliyosimuliwa nayo habari hiyo.

Zamani, mtoto wa Kizigua alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake alikuwa mjomba. Hilo nalijua, nimelifundisha. Njaa ilipoingia, mjomba wa ukoo huo alikuwa na dada yake mjane, na dada huyo alikuwa na watoto watatu, msichana, mvulana, na wa mwisho wa kike aliyekuwa bado mgongoni. Siku moja mjomba aliwachukua wale wakubwa wawili, akaenda nao pwani. Alirudi peke yake, na mtama kichwani.

"Hakuna aliyewadanganya," mwenye duka akasema. "Watu husimulia kwamba walidanganywa. Wengine kweli walidanganywa. Wetu waliuzwa na mjomba wao, na mama yao alijua."

Mimi mwalimu nilikaa pale kama gunia. Somo langu lilikuwa na wabaya wake tayari, mfanyabiashara wa pwani, mwenye jahazi, mkoloni, wote wametoka mbali, na watoto wa Kwaluguru na Makuyuni waliweza kuwachukia bila kumtazama mtu wa nyumbani. Hili lilikuwa halimo.

"Nyumbani kwetu mtama hauliwi," akaendelea. "Hata uji wake. Mke anayeolewa kwetu huambiwa ni mwiko, haambiwi sababu. Majirani wanadhani ni mambo ya uganga. Mama yangu aliniambia mimi akiwa anaumwa, akasema na mimi nimwambie mmoja tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo mama, si mashamba peke yake. Mashamba ni kisingizio cha vijana. Sisi wakubwa, mtoto alipokuja na jina la ukoo kutoka shule, tulijua ni nani amerudi. Sasa nikikuita ndugu, nimekubali kwamba sisi ndio tuliowauza. Nitawaambia nini wanangu?"

Nilimgeukia bibi. Nilidhani atapiga kelele, na ningemwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili. Safari zote zile, maswali ya maharamia yote yale, na watu wazima wamejifungia ndani wanajua.

"Najua habari za mjomba," bibi akasema.

Mwenye duka akanyanyua kichwa.

"Wewe unadhani kule hatukusimuliana? Yule msichana mkubwa ndiye aliyetuzaa sisi. Aliiona mikono iliyopokea ule mtama. Alikuwa na akili zake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza njia. "Watoto wa shule sikuwaambia, kwa sababu si jambo la kumwambia mtoto wa mtu akaenda kulala nalo. Sikuja kuuliza nani aliuza. Waliouza wamekufa."

"Sasa ulikuja kuuliza nini, mama?"

Bibi alinitazama kwanza, nadhani kwa sababu hata mimi hakuwahi kuniambia. Kisha akamwinamia yule mtu, akaweka kiganja juu ya goti lake, juu ya suruali yenye vumbi la mbolea.

"Yule mdogo aliyekuwa mgongoni," akasema. "Dada yake alikufa mzee, akiwa na wajukuu, na alikufa akimwuliza yeye. Akamwachia mwanawe aulize, na mwanawe akamwachia wake, mpaka ikanifikia mimi. Alishiba?"

Sikuwa nimewahi kumwona mwanaume wa umri ule akilia mchana, barabarani, mbele ya duka lake, watu wakipita. Hakujificha wala hakujifuta. Alivua kofia yake akaishika, na kiganja cha bibi bado kiko gotini pake, kinangoja.

"Alishiba, mama mkubwa," akasema. "Ndiyo maana nipo."